Kubandua au Kutelezesha? Uhakiki wa Maelezo ya Kutia Chapa kwenye Ndege za Mfano

UTANGULIZI

Maandishi mengi yanayoletwa mezani petu ili yatolewe maoni huwa ni orodha za istilahi za taaluma zenye heshima kubwa: sheria, uhasibu, utabibu, kilimo. Ni mara chache tunaletewa maandishi ya kazi ndogo ya mikono. Safari hii tumepokea kijikaratasi cha kurasa nne, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachoeleza namna ya kutia chapa kwenye ndege ya mfano, yaani ile ndege ndogo ya plastiki ambayo muundaji huiunganisha kipande kwa kipande, akaipaka rangi, kisha akaitia maandishi na nembo ili ifanane na ndege fulani ya kweli. Mwishoni mwa kijikaratasi pana orodha fupi ya istilahi. Karakana iliyokitoa na mfasiri wake hatutawataja, kwa kuwa nia yetu ni kusahihisha kazi, si kumfedhehesha mtu.

Huenda msomaji akauliza: je, Kiswahili kimemaliza shughuli zake zote hata kianze kuhangaika na vijindege? Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu hivi. Istilahi ya sheria ikikosewa, mwanasheria atalitambua kosa na kulipita, maana anacho kitabu cha Kiingereza rafuni mwake. Istilahi ya kazi ya mikono ikikosewa, mkono wa mwanafunzi hulitii kosa papo hapo, na kitu huharibika. Kwa sababu hiyo maelezo ya kazi ndogo ni mizani nzuri ya kupimia istilahi zetu zote. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mwanafunzi aliyeshika kijikaratasi mkononi ni mtu aliyekuja kutafuta maana, na anastahili kupewa iliyo sawa.

KAZI YENYEWE

Kabla ya kuyahukumu maneno hatuna budi kuitazama kazi. Chapa zinazozungumzwa hapa si zile za kunata zenyewe ambazo watu huzibandika kwenye madaftari na vioo vya magari. Hizi zimepigwa juu ya karatasi nzito iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini. Juu ya gundi hiyo pana utando mwembamba sana, usio na rangi, na juu ya utando ndipo wino ulipo. Karatasi ikitiwa maji, gundi hulegea. Utando pamoja na wino wake hujitenga na karatasi, ukawa tayari kuteleza.

Muundaji huikata chapa anayoitaka, akaichovya katika maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache, akaitoa na kuiweka kando ili karatasi inywe maji. Baada ya kama dakika moja huigusa chapa kwa ncha ya kidole. Ikisogea, imekuwa tayari; isiposogea, husubiri. Hapo huipeleka karatasi mpaka mahali panapotakiwa, akaishikilia karatasi, na kwa brashi iliyolowa akaisukuma chapa taratibu iteleze kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye ndege. Kwa kuwa chini yake pana maji, chapa huweza kusogezwa huku na huku mpaka ikae sawasawa. Ndipo maji yanapotolewa kwa kitambaa laini, kuanzia katikati kwenda ukingoni, na chapa hushika.

Hapa pana tofauti kubwa ambayo msomaji aiweke moyoni, maana uhakiki wetu wote umesimama juu yake. Kitu cha kunata kikishakaa kimekaa, ukikosea umekosea. Chapa hizi humpa mtu nafasi ya kujirekebisha, lakini kwa sharti moja: zisivutwe. Utando wake ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, nao ukivutwa huchanika.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa geni kwetu. Nakshi za dhahabu zilizokuwa zikipamba cherehani za Singer katika baraza za mafundi wetu zilitiwa kwa ufundi wa ukoo huu huu. Maua yaliyomo katika vikombe na sahani nyingi za kauri hutelezeshwa vivyo hivyo, kisha chombo kikachomwa ili rangi ishike daima. Kwa hiyo tunapotafuta istilahi ya ndege ya mfano, tunawatafutia pia watu wa kauri na watu wa mitambo.

TULIVYOKIJARIBU KIJIKARATASI

Tuliona si haki kukihukumu kijikaratasi huku tumekaa kitini. Tulipata ndege ya mfano iliyokwisha kuunganishwa na kupakwa rangi, tukamkabidhi kijana mmoja wa sekondari ambaye hakuwahi kuifanya kazi hii, tukamwomba afuate maelezo neno kwa neno.

Ndege yenyewe ilikuwa mfano wa Super VC10 ya shirika la East African Airways, kwa skeli ya 1:144. Ndege ya kweli ya aina hiyo, iliyotengenezwa Uingereza na Vickers, ilikuwa na urefu wa meta 52.32 na injini nne za Rolls-Royce Conway, zote zikiwa nyuma. Kwa skeli hiyo mfano wake una urefu wa sentimeta 36 na ushei. Maana yake ni kwamba milimeta moja juu ya mfano ni zaidi ya sentimeta 14 juu ya ndege ya kweli, na herufi ikikaa milimeta mbili nje ya mahali pake imehama karibu sentimeta 29. Ndiyo sababu nafasi ya kusogeza chapa si anasa bali ni haja.

Tuliichagua ndege hiyo kwa makusudi. Shirika la East African Airways lilianza safari zake mwaka 1946 na likakoma mwaka 1977, kila nchi ikabaki na shirika lake. Ndege zake za Super VC10, ambazo ya kwanza ilipokelewa mwaka 1966, ziligawanywa katika daftari za usajili za nchi tatu: 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Aisomaye herufi zilizo ubavuni huisoma historia ya ushirika ule. Kadhalika huyasoma majonzi yake, kwa kuwa ndege iliyoandikwa 5X-UVA ndiyo iliyopata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakafa. Ndege ya mfano isiyo na herufi zake ni kijiti cheupe chenye mabawa; ikishapata herufi ndipo inapokuwa ndege fulani, ya watu fulani, ya mwaka fulani. Mfano wetu ulikuwa uandikwe 5H-MMT, mojawapo ya zile zilizosajiliwa Tanzania.

Kijana alianza vizuri. Alikata, akachovya, akangoja. Kisha akafika kwenye agizo la nne, ambalo tunalinakili kama lilivyo: "Bandua kibandiko kutoka kwenye karatasi yake na ukiweke juu ya uso." Akafanya kama alivyoambiwa. Alitia ukucha chini ya pembe ya chapa, akaivuta. Herufi 5H zilitoka zikiwa zimejiviringa kama jani kavu. MMT zikabaki kwenye karatasi, zimepasuka katikati. Karatasi ile ilikuwa na seti moja tu ya herufi, upande wa kushoto na upande wa kulia. Upande wa kushoto ukawa umekwisha.

Kijana alitutazama akauliza, "Mzee, nimekosea wapi?" Hatukuwa na la kumwambia ila kwamba hakukosea. Aliyekosea ni kitenzi.

KITENZI KILICHOPOTOKA

Katika lugha yetu vitenzi bandika na bandua ni ndugu wa tumbo moja. Hutofautiana kwa kiambishi kimoja tu, kile cha kutendua, kama tunavyoona katika funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa, tata na tatua. Anayesikia bandua huona mara moja kitu kilichoshikamana na kingine kwa nguvu, na mkono unaokivuta ili kukitenga. Tunabandua plasta kwenye kidonda, tunabandua tangazo ukutani. Kitenzi hiki kina nguvu ndani yake, nacho huamrisha nguvu.

Mfasiri alikitumia, inaelekea, kwa sababu mbili. Kwanza, alikwisha kukiita kitu chenyewe "kibandiko", na aliyesema kibandiko hana budi kusema bandika na bandua. Pili, alifasiri kutoka kwenye kamusi wala hakufasiri kutoka kwenye beseni la maji. Angaliyachovya maandishi yake majini kama anavyotuagiza tuzichovye chapa, angaliona kwamba hakuna kinachobanduliwa. Kinachotendeka ni kuteleza, na anayekifanya kiteleze anakitelezesha.

Telezesha ni kitenzi chetu cha siku zote, chenye viambishi vya kusababisha ambavyo mtoto wa darasa la tatu anavijua. Hakihitaji kamati. Nacho huubadili mkono wote: anayeambiwa telezesha hatafuti pembe ya kuvuta, hutafuta njia ya kusukuma, hatumii ukucha, hutumia brashi. Agizo lote lingaliweza kuwa: "Shikilia karatasi mahali pake, kisha uitelezeshe chapa kwa brashi mpaka iingie kwenye ubavu wa ndege."

Tumesema "ubavu wa ndege" kwa sababu. Kijikaratasi kinasema "juu ya uso". Tunafahamu kwamba katika hisabati uso wa mche au wa tufe ni neno lililokubalika, na hatuna ugomvi nalo huko. Lakini katika maelezo ya kazi, mtu aliyeambiwa aweke kitu kilicholowa juu ya uso, bila kuambiwa uso wa nini, ana haki ya kujifuta mashavu. Ndege ina ubavu, ina bawa, ina tumbo, ina mgongo, ina pezi mkiani. Neno hili la mwisho, pezi, kijikaratasi kimelitumia vizuri sana, nasi tunampongeza mfasiri kwalo. Aliyepata pezi kutoka kwa samaki angaliweza kupata ubavu kutoka kwa mbuzi.

FILAMU, FEDHA NA SULUHISHO

Makosa mengine matatu yanastahili kutajwa, kwa kuwa kila moja linatoka katika kisima kile kile cha kufasiri jina bila kukiona kitu.

La kwanza ni "filamu". Kijikaratasi kinamwonya msomaji "asiiache filamu nyingi pembeni mwa picha". Msomaji wetu anaijua filamu: ni ile aliyoitazama katika jumba la sinema, au ile iliyotiwa ndani ya kamera. Atashangaa iko wapi katika kazi hii. Kinachokusudiwa ni ule utando usio na rangi uliobeba wino, ambao hutakiwa kukatwa karibu na ukingo wa herufi ili usionekane. Na jina lake liko jikoni mwa kila nyumba. Maziwa yakichemshwa na kuachwa yapoe hufanya utando juu. Buibui hutanda utando. Wanabiolojia nao wamelitumia neno hilo kwa ngozi nyembamba za ndani ya mwili. Mahali pote hapo maana ni moja: kitu chembamba kilichotanda. Hatuoni sababu ya kuliacha.

La pili ni "fedha". Katika orodha ya istilahi tunakuta "kutia fedha", na katika maelezo: "Epuka kutia fedha chini ya kibandiko." Tulimwuliza kijana wetu ameelewa nini. Alijibu kwamba ameelewa asipake rangi ya fedha mahali patakapokaa chapa, na kwa kuwa hakuwa na rangi ya fedha, aliona agizo halimhusu. Jibu hilo ni la akili kabisa, na ni kosa kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Rangi isiyong'aa, ikitazamwa kwa ukaribu, ina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Utando ukilazwa juu yake hukaa kwenye vilima, na katika mabonde hubaki hewa. Mwanga ukiipiga hewa hiyo hurudi, na chapa ikaonekana kuwa na weupe unaometameta, kama nailoni iliyotandikwa juu ya mkeka. Nailoni hiyo hiyo ikitandikwa juu ya kioo kilicholowa haitaonekana. Ndiyo sababu mafundi hupaka vanishi ya kung'aa kwanza, wakaacha ikauke kabisa, ndipo wakatia chapa. Na kama ndege inatakiwa iwe isiyong'aa, hupaka vanishi isiyong'aa mwisho, juu ya kila kitu.

Kwa hiyo kinachoelezwa si tendo la mtu bali ni dosari inayotokea. Kitenzi cha kutenda, "kutia", kimemsukumia mwanafunzi lawama ya jambo asilolifanya, na neno "fedha" limemficha sababu yake. Tunapendekeza "ukungu wa hewa". Ukungu tunaujua: ni weupe unaofunika kitu kisionekane vizuri. Na kwa kutaja hewa tumekwisha kumwambia fundi adui yake ni nani. Hapo agizo lenyewe hujiandika: "Pasipong'aa pana ukungu wa hewa, paka vanishi ya kung'aa kwanza."

La tatu ni "suluhisho". Mafundi hutumia vimiminiko viwili. Cha kwanza ni chepesi, aghalabu chenye asidi ya namna ya siki, nacho hupakwa mahali pa chapa kabla haijatelezeshwa, ili iketi vizuri. Cha pili ni kikali zaidi, hupakwa juu ya chapa ikishakaa, nacho hulainisha utando mpaka ukazama katika mistari na misumari midogo iliyochorwa juu ya plastiki. Kijikaratasi kinaviita "suluhisho la kuweka" na "suluhisho la kulainisha". Suluhisho, kwa Kiswahili, ni jibu la tatizo au mwisho wa ugomvi. Wanakemia wetu wana neno mmumunyo, nalo ni zuri darasani. Lakini katika karakana tunaonelea neno dawa lishike nafasi. Mswahili huita dawa kila kitu kinachotiwa ili kibadili hali ya kitu kingine: dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu. Basi na tuwe na "dawa ya kulaza" na "dawa ya kulainisha". Fundi hatauliza mara mbili.

Kuhusu dawa ya pili pana upungufu mwingine, mkubwa kuliko wa jina. Chapa iliyopakwa dawa hiyo hukunjana na kufinyaa kwa muda, kisha hujinyoosha yenyewe inapokauka. Katika dakika hizo utando ni laini kama utando wa maziwa, na kidole kikiugusa huharibika. Kijikaratasi kinasema: "Kibandiko kinaweza kukunjana, usiwe na wasiwasi." Kumtuliza mtu si kumkataza. Mtu asiye na wasiwasi anaweza kabisa kunyoosha mkunjo kwa kidole, tena kwa moyo mkunjufu. Ilitakiwa iandikwe: "Itakunjana. Usiiguse mpaka ikauke."

MUUNDO WA SENTENSI

Istilahi si maneno peke yake. Kijikaratasi kimejaa sentensi za namna hii: "Kibandiko kinapaswa kuwa kimeruhusiwa kubaki ndani ya maji kwa muda usiozidi sekunde ishirini kabla ya kuwa kimeondolewa." Kila neno hapo ni la Kiswahili, na sentensi nzima si ya Kiswahili. Tendo limefichwa nyuma ya migongo mitatu, na mtendaji hayumo. Babu anayemfundisha mjukuu kusuka ukili hasemi kwamba mwaa unapaswa kuwa umepitishwa, husema, "Pitisha huku. Sasa kaza." Ufundi wetu wote, wa jahazi na wa mlango wa nakshi, ulipokezanwa kwa vitenzi vifupi vya kuamuru. Sentensi ile ilitosha iwe: "Ichovye majini, hesabu mpaka ishirini, kisha uitoe."

Kwa upande mwingine ni haki tuseme kwamba pana mahali ambapo mfasiri aliuacha mkono wake uandike, na hapo aliandika vizuri kuliko wengi. Sentensi yake "iache kando karatasi inywe maji" ni Kiswahili safi, na haitokani na kitabu chochote cha kigeni, ilitoka kwake. "Maji ya uvuguvugu" ni sahihi. "Toboa kiputo kwa ncha ya sindano" ni agizo ambalo mtu hulisoma mara moja na kulitenda. Mwenye kuweza hayo aliyaweza na mengine. Kilichomkwamisha ni kudhani kwamba lugha ya karatasi ni lazima iwe ngumu kuliko lugha ya kazi.

JINA LA KITU

Limebaki jina la kitu chenyewe. Tumeyapima manne.

"Stika" na "kibandiko" tunayaacha kwa kitu chake halali, kile chenye gundi ya kunata kinachobanduliwa kwenye karatasi yake. Si maneno mabaya. Yana mwenyewe tayari.

"Dekali" lina watetezi, na hoja yao tunaiheshimu. Wanasema waundaji wa ndege za mfano kote duniani wanalo neno hilo, na Kiswahili hakikuona aibu kupokea meza, shule na baiskeli. Ni kweli, kukopa si aibu. Lakini mkopo hupimwa kwa faida yake. Neno hilo asili yake ni Kifaransa, kutoka kitenzi cha kuhamisha mchoro kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kwa Mfaransa lilikuwa na maana mdomoni mwake. Kwa mwanafunzi wetu halina hata moja, wala haliuambii mkono wake lolote. Baiskeli ilikuja na kitu chake, watu wakakiona kikipita barabarani, jina likashika. Chapa hizi haziji zikipita barabarani. Huja zimefungwa ndani ya sanduku pamoja na maelezo, na maelezo ndiyo mlango wao. Anayetaka kusema dekali dukani na aseme, lakini katika maelezo ya kazi tunataka neno linalofundisha.

"Chapa ya maji" tulilipenda mwanzoni. Tukaliacha kwa kuwa liko karibu mno na "alama ya maji", ile inayoonekana ndani ya noti ikiinuliwa kwenye mwanga, na wapiga chapa wasingetuelewa.

Tumefika kwenye "chapa telezi". Chapa, kwa sababu ni kitu kilichopigwa kwa wino. Telezi, kwa sababu hiyo ndiyo tabia inayoitenga na chapa nyingine zote. Aliyelisikia jina hili kabla hajaiona kazi amekwisha kupewa nusu ya fundisho: hatajaribu kuibandua, kwa kuwa kitu telezi hakibanduliwi.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

Mahali pa kibandiko: chapa telezi.
Mahali pa bandua: telezesha.
Mahali pa filamu: utando.
Mahali pa kutia fedha: ukungu wa hewa.
Mahali pa suluhisho la kuweka: dawa ya kulaza.
Mahali pa suluhisho la kulainisha: dawa ya kulainisha.
Mahali pa uso: ubavu, bawa, tumbo, mgongo au pezi, kama itakavyokuwa.

Hatudai kwamba haya ndiyo ya mwisho. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekuwa na jukumu la kuyapima maneno kabla ya kuyasanifisha, na wenye ujuzi wa karakana, wa kauri na wa kupiga chapa watakuwa na la kuongeza au kupunguza. Tunachodai ni utaratibu. Istilahi ya kazi ya mikono isipitishwe mezani kabla haijapita mikononi mwa mtu asiyeijua kazi, akiwa na maelezo peke yake. Akifaulu, neno limefaulu. Akiharibu, tusimwulize yeye, tuliulize neno.

Sisi tulifanya hivyo mara ya pili. Tuliyaandika upya maagizo tisa kwa maneno tuliyoyapendekeza hapo juu, tukampa kijana yule yule, pamoja na herufi za upande wa kulia zilizokuwa zimesalia. Alichovya, akahesabu, akangoja karatasi inywe maji, akaigusa chapa kwa ncha ya kidole. Iliposogea alitabasamu bila kuambiwa. Akaitelezesha kwa brashi, akaisogeza mara mbili ili ilingane na mstari wa madirisha, akakausha maji kuanzia katikati. Herufi zote tano zilikaa, zikasomeka.

Ndege hiyo iko rafuni mwetu. Ukiitazama kwa upande wa kulia ni 5H-MMT ya East African Airways. Ukiigeuza upande wa kushoto ni ndege nyeupe isiyo ya mtu. Hatukutafuta karatasi nyingine ya kuukamilisha upande huo. Tumeuacha hivyo ili kila mfasiri anayeingia ofisini kwetu aulize kwa nini, nasi tupate kumweleza.